Dereva wa tenti zako alilala saa ngapi?

Tuseme harusi ni ya dadako. Itafanyika Katangi, kwa wazazi, Jumamosi. Wewe uko Nairobi na ndiwe uliyeachiwa kundi la WhatsApp la kamati kwa sababu una simu nzuri na kazi ambayo wazee hawaielewi. Umekodi tenti za kupendeza kwenye picha, viti 300, meza, spika na jenereta. Vyote vitatoka Nairobi kwa Canter moja. Umeuliza bei, umeuliza rangi ya vitambaa, umeomba punguzo mara tatu. Swali moja hukuuliza, na sikulaumu, maana hata mimi niliyekuwa nikizibeba hizo tenti sikuwahi kuliuliza: huyu dereva anayeleta mzigo, mara ya mwisho alilala lini?

Nilibeba tenti kwa karibu mwaka mmoja baada ya kuacha chuo. (Mwaka wa pili, karo. Hiyo ni stori ya siku nyingine.) Kampuni sitaitaja. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unapakia, unapanda nyuma, unashusha, unasimamisha vyuma na kufunga turubai, unasubiri watu wale na wacheze, kisha unaanza tena kutoka mwisho kurudi mwanzo. Dereva wetu alikuwa mzee kidogo kwetu, tulimwita Mzee tu, na kwa miezi hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Ukimuuliza, anajibu, "Niko sawa." Hata ukimuuliza kama amekula, anakujibu vivyo hivyo.

Sasa nikupeleke kwenye wikendi moja, upige hesabu nami.

Ijumaa hiyo Mzee aliamka saa kumi na moja alfajiri. Mpango ulikuwa tuondoke Nairobi saa tisa mchana, tufike Katangi kabla ya jua kuzama, tusimamishe tenti kukiwa bado na mwanga, tulale. Mpango mzuri kabisa. Lakini kampuni haitoi lori mpaka pesa iingie, na kamati ilikuwa bado inachangishana. Malipo yaliingia saa moja jioni. Kufikia tumalize kupakia, saa tatu usiku. Canter iliyojaa vyuma haikimbii, na hata ingetaka, sheria ya Kenya haikubali gari la biashara lipite kilomita 80 kwa saa. Kwa hivyo muda ulioliwa na M-Pesa ya kamati, huo hautarudishwa na dereva barabarani. Umeenda.

Tulifika Katangi karibu saa saba usiku. Boma giza. Namba tuliyopewa imezimwa. Kama unaijua Yatta usiku, unajua kimya chake, mbwa wawili na nyota nyingi kuliko unavyohitaji. Saa nane mtu akaamka. Mama mwenye boma akatoka na leso mabegani, akatuonea huruma kweli, lakini akasema, "Hapo hapana, wanangu, hapo ndipo tutapikia." Tuliyoambiwa Nairobi na kilichokuwa Katangi vilikuwa vitu viwili. Mimi na wenzangu tukasema, "Sawa, mwaitu," tukahamisha kila kitu upande wa pili. Mzee akatumulikia kwa taa za lori, akilisogeza mbele na nyuma. Tulimaliza saa kumi na mbili asubuhi.

Mzee alilala kwenye kiti cha lori mpaka saa mbili. Akaamshwa. Lori lilikuwa limeziba njia ya magari ya wageni.

Sherehe ilikuwa iishe saa kumi jioni. Saa kumi ndipo mheshimiwa aliyesubiriwa alipofika, na ukishamsubiri mheshimiwa huwezi kumpa dakika tano. Baada yake wajomba, baada ya wajomba zawadi, baada ya zawadi DJ, ambaye alikuwa amelipwa hadi usiku. Tulianza kukunja saa moja na nusu. Kufikia saa nne usiku, bosi alikuwa amepiga simu mara sita: tenti hizohizo zilihitajika kanisani Ruiru Jumapili, saa moja asubuhi. Tukaondoka saa nne na nusu.

Ilikuwa karibu tufike Thika. Mimi nilikuwa mbele, katikati, kati ya Mzee na taniboi. Nilihisi lori likiacha lami taratibu, kama mtu anayetoka kanisani bila kutaka kuonekana. Taniboi alipiga kelele, Mzee akashtuka, akalirudisha. Hakuna aliyekuwa anatoka upande wa pili. Hiyo tu ndiyo sababu naandika. Akasimamisha lori pembeni, akajimwagia maji ya chupa usoni, akakaa kwenye nyasi kama dakika 20 bila kusema neno. Kisha akasema yuko sawa.

Sasa hesabu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 66A, inasema dereva wa gari la umma au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kipindi chochote cha saa 24. Mzee aliendesha kama saa 4 Ijumaa usiku na kama saa tatu na nusu Jumamosi usiku. Chukua saa 24 zozote unazotaka kwenye wikendi hiyo, hutafikisha 8. Polisi angetusimamisha, Mzee alikuwa safi. Hakuvunja kifungu hicho hata kidogo.

Lakini tangu aamke Ijumaa alfajiri hadi lori lilipoacha lami zilikuwa zimepita karibu saa 44, na katika hizo alikuwa amelala saa 2, akiwa ameketi.

Hapa ndipo mimi naona tatizo letu lilipo. Sheria inahesabu saa za usukani. Kazi ya tenti haimalizi dereva kwenye usukani. Inammaliza kwenye kusubiri: malipo, mtu wa kufungua geti, kukubaliana tenti ikae wapi, mheshimiwa, DJ. Na ukiangalia orodha hiyo vizuri, karibu kila kitu kiko mikononi mwa mteja. Yaani wewe.

Ukifikiri ni sisi tu wenye sheria legevu, shangaa kidogo. Ulaya, kwa kanuni yao nambari 561 ya mwaka 2006, dereva wa lori kubwa anaruhusiwa kuendesha saa 9 kwa siku, na mara mbili kwa wiki anaweza kufika 10. Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa 11. Sisi 8. Kwenye makaratasi sisi ndio wakali. Tofauti ni kwamba wenzetu hawakuishia kwenye usukani. Mzungu huyo wa Ulaya lazima apumzike dakika 45 akishaendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida apate mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Mmarekani anapewa dirisha la saa 14 tangu aanze kazi; saa hizo zikiisha haendeshi tena mpaka apumzike saa 10, na dirisha hilo haliongezwi eti kwa sababu alikuwa amekaa kwenye foleni ya kushusha mzigo. Kusubiri kunakula siku yake ya kazi. Ndiyo maana kule madereva na wenye maghala wanagombana sana juu ya nani alipie saa za kukaa bure. Wanagombana kwa sababu zina bei.

Halafu kuna kitu kilichonifanya niandike hii makala badala ya kulalamika tu kwa marafiki. Kanuni hiyo ya Ulaya haizungumzi na dereva na mwajiri peke yao. Inamtaja pia mwenye mzigo, na hata anayeandaa ziara za watalii, kwamba ratiba wanayokubaliana na msafirishaji isiwe ya kumlazimisha dereva avunje saa zake. Marekani nao mwaka 2016 walianza kutumia kanuni inayomkataza mwenye mzigo, au anayeupokea, kumtishia dereva ili aendeshe kinyume cha sheria. Kwa maneno mengine, ukimwambia "usipofika saa moja asubuhi sikulipi" huku ukijua hawezi kufika bila kuvunja sheria, nawe una kesi.

Kifungu chetu cha 66A kinamtazama aliye kwenye usukani. Mteja wa Nairobi mwenye harusi Katangi hayumo. Unaweza kupanga ratiba isiyowezekana, ukalala vizuri, na lolote likitokea wewe utakuwa mtu wa kutuma rambirambi.

Najua utaniambia: mwenye makosa ni bosi. Aliweka sherehe mbili kwenye lori moja na dereva mmoja. Nakubali, na sitamtetea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kwenye biashara hii nimeona watu wakipita wiki tatu bila hiyo siku. Lakini wengi wanalipwa kwa tripu. Ukimwambia dereva wa tripu apumzike Jumapili, unamwambia asile Jumapili. Kwa hivyo yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kukuambia yuko sawa. Na wewe mteja, kwa roho safi kabisa, utampa mia tano "ya soda" ili akubali kurudi usiku huohuo. Nimeipokea hiyo mia tano mara nyingi. Haikuwahi kumwamsha mtu.

Kuna nyakati tuliwahi kufanya hii kazi kwa ratiba ya kibinadamu, na ukikumbuka utacheka. Ni wakati wa kafyu ya korona. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, kwanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ikawa inasogezwa mbele na nyuma mpaka ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Sikuwa nimeanza kubeba tenti wakati huo, lakini waliokuwa kwenye kazi wanaisimulia kama likizo. Sherehe zilikuwa ndogo, pesa zilikuwa chache, hilo hawafichi. Ila kila mtu alikuwa na haraka ya kufika kwake. Hotuba zilifupishwa, mheshimiwa alifika mapema au hakufika, na mchana ungali mchana tenti zilikuwa chini. Wajomba walewale, boma lilelile. Kumbe inawezekana, mradi saa ya kumaliza iwe inamhusu kila mmoja na si mwenye lori peke yake.

Sisi watu wa Ukambani tuna sababu ya kuzungumza juu ya safari za sherehe kwa sauti ya chini. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la shule lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na maji mto Enziu, kule Mwingi. Walikufa watu zaidi ya 30. Tarehe 8 Agosti 2025, Kisumu, basi la shule lililokuwa likirudisha waombolezaji kutoka mazishini lilipata ajali na kuua zaidi ya watu 20. Sisemi saa za kazi za dereva ndizo zilizoleta msiba wowote kati ya hiyo; Enziu ni mto uliokuwa umefurika. Nasema tu kwamba kila wikendi nchi hii inapeleka watu, viti na sufuria mamia ya kilomita kwa ajili ya tukio lenye saa maalum, na kwenye bajeti ya kamati nafasi ya usafiri huwa mstari mmoja. Keki hupewa mistari mitatu. Na mto wa msimu hausomi programu. Kama sherehe yako ni Novemba au Aprili, huo mstari mmoja unapaswa kuwa na saa za kusubiri maji yapungue, au njia ya kuzunguka, na lazima mtu awe na ruhusa ya kusema "leo hatuvuki" bila kupigiwa simu na shangazi saba.

Basi mteja afanye nini? Ningeanza na pesa, maana huko ndiko wikendi yetu ilikoharibikia. Lori la Jumamosi lipakiwe Ijumaa asubuhi, kwa hivyo malipo yawe yamekamilika Alhamisi. Najua michango ya Kenya huja dakika ya mwisho. Basi kopesheni kamati nyinyi kwa nyinyi mjazie. Mkidai Jumatatu, mnadai mtu aliye hai.

Pili, Katangi kuwe na mtu mmoja mwenye simu yenye chaji, anayejua tenti zinakaa wapi na mwenye mamlaka ya kukataa zisihamishwe. Mtu huyo huwa hayupo. Kuna kamati ya watu 40 na hakuna hata mmoja wa kufungua geti. Mwambie apige picha ya kiwanja, amwonyeshe mama mwenye boma, wakubaliane jiko liko wapi. Hiyo picha moja ingetuokolea saa tatu.

Kitanda ni kitu rahisi sana hata naona aibu kukieleza. Chumba cha kulala kwenye kituo cha biashara cha Katangi nilikilipia mara moja chini ya shilingi 1,000. Kwenye harusi ambayo maua peke yake yalikuwa na bajeti ya kununua mbuzi wawili, mlikosa 1,000 ya Mzee kulala? Tena asilale kwenye lori eti analinda mzigo. Nani ataiba nguzo za chuma za mita nne saa nane mchana, mbele ya wageni 300? Mlinzi atafutwe kijijini, dereva apewe chumba, asiamshwe. Na lori lisogezwe kabla hajalala.

Ila ukitaka nikuambie kile ambacho mwenye kampuni hatakuambia, ni kwamba viti vyako havikuhitaji kutoka Nairobi. Huku kwetu vikundi vya akina mama na makanisa vina viti na tenti vya kukodisha, vinavyoletwa kwa safari fupi tu, na pesa zinabaki palepale. Tatizo ni kwamba ni tenti za kawaida, nyeupe iliyochakaa kidogo, nawe umeona zile za kupitisha mwanga kwenye Instagram. Nakuelewa. Chukua basi vitambaa na maua kutoka Nairobi, vinaingia kwenye gari dogo. Vyuma viwe vya Katangi. Nimeshasimamisha zote mbili, na nakuhakikishia mgeni akishapata pilau haangalii juu.

Na kama lazima iwe Canter ya Nairobi, uliza kampuni waziwazi kabla ya kulipa: lori hili linatoka wapi, linakwenda wapi baada yangu, na ni dereva yuleyule? Wakikuambia kuna kazi nyingine Jumapili asubuhi, una njia mbili. Lipia dereva wa pili, au tenti zikunjwe saa kumi na moja jioni na wageni watakaobaki wacheze chini ya mwembe. Iandikwe kwenye makubaliano, saa ya kukabidhi na saa ya kuachilia, na mkipitisha mlipe kila saa. Ukishaiandika, utashangaa jinsi mshereheshaji anavyojifunza kukata hotuba.

Mzee aliacha ile kazi miezi miwili baadaye. Siku hizi anaendesha pikapiki ya maji, mitungi, asubuhi mpaka saa kumi. Tulikutana stejini nikamuuliza kuhusu usiku ule karibu na Thika. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Ulikuwa usiku upi?"

Mwezi ujao binamu yangu anafanya ntheo, Katangi hukohuko, na nimewekwa mtu wa usafiri. Wiki iliyopita aliniuliza kama lori linaweza kutoka Nairobi Jumamosi alfajiri na kurudi usiku huohuo, ili tuokoe pesa ya siku moja. Nimemjibu kwamba linaondoka Ijumaa saa nne asubuhi, dereva analala kitandani, na Jumamosi saa kumi na moja jioni naanza kufungua kamba hata kama mjomba bado ana maikrofoni. Amesoma. Ametuma nusu ya pesa. Nusu nyingine anasema ni Alhamisi.